Mchoraji na mfasiri wa vitabu vya watoto, Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wazazi, walimu, wanafunzi wa sanaa na watoto wenyewe. Mengine nimeulizwa kwenye maonyesho ya vitabu pale Sarit Centre kila Septemba, mengine ndani ya matatu mtu akiona nimepakata folda kubwa ya michoro. Nimeyajibu jinsi ninavyoyajibu ana kwa ana, kwa hiyo majibu mengine ni marefu na mengine ni ya sentensi mbili tu.

Ulianzaje kazi hii?

Nilikulia Jericho, Eastlands, na picha za kwanza nilizozisoma zilifika nyumbani zikiwa zimefungia nyama. Mwenye bucha alifunga nyama kwa magazeti ya zamani. Mama akishaitoa nyama, mimi nililitandaza lile gazeti juani likauke, kisha nikamtafuta Juha Kalulu. Vibonzo hivyo vya Edward Gitau vilitoka kwenye Taifa Leo kwa miaka mingi, na hata mtoto asiyejua kusoma vizuri angejua Juha amefanya kosa gani kwa kuyatazama mabega yake tu. Niligundua hapo kwamba mstari mmoja wa wino unaweza kubeba aibu ya mtu mzima. Miaka ya 1980 zikaja Pichadithi, ngano za Kiafrika zilizochorwa kwa vibonzo, kazi iliyoanzishwa na Terry Hirst. Nilizinakili ukurasa kwa ukurasa kwenye karatasi za kaki ambazo mama, aliyekuwa fundi wa nguo, alizitumia kukatia vipimo.

Kufasiri kulianza bila mimi kujua. Mdogo wangu alikuwa hajajua Kiingereza, na vitabu tulivyoazima maktabani karibu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Nilimsomea kwa Kiswahili papo hapo, kidole kikiwa juu ya picha. Tulipofika kwenye theluji akauliza ni nani amemwaga unga wote ule. Nikamwambia si unga, ni maji ya mawinguni yameganda kabla hayajafika chini. Akaitazama picha tena, akakubali. Nimefasiri vitabu vingi tangu siku hiyo, na bado naanza hivyo hivyo: kidole kwenye picha kwanza.

Kwa nini unachora na kufasiri pia? Si afadhali uchague moja?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na ndilo ninalolipenda zaidi.

Chukua sentensi fupi ya Kiingereza, "She hid it there." Maneno manne. Mwandishi hakutaja kitu kilichofichwa wala mahali kilipofichwa kwa sababu picha inaonyesha vyote viwili. Sasa jaribu kuisema kwa Kiswahili. Huwezi kusema lolote kabla hujajua kitu chenyewe ni nini. Kama ni kitabu, alikificha. Kama ni ufunguo, aliuficha. Kama ni yai, alilificha, na kama ni kifaranga, alimficha, kwa sababu kifaranga ana uhai na uhai una ngeli yake. Halafu "there" ni wapi? Ndani ya sanduku ni humo, mahali pale pale panapoonekana ni hapo au pale, na upande wa mbali usio dhahiri ni huko au kule. Kiingereza kinamruhusu mfasiri kufumba macho. Kiswahili hakimruhusu.

Nilijifunza somo hili kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita mchapishaji mmoja alinitumia maandishi matupu ya kitabu, bila picha hata moja, akasema picha bado ziko kwa mchoraji na muda umekwisha. Nikafasiri nikidhani kilichofichwa ni kitu fulani tu, nikaandika "alikificha humo". Kitabu kilipotoka, picha ilikuwa ya ufunguo chini ya mkeka. Nilikuwa nakisoma mbele ya watoto katika maktaba ya Buruburu, na msichana wa kama miaka saba akainua mkono: "Mwalimu, amekificha nini? Mimi naona ufunguo." Alikuwa sahihi, na nakala zote zilikuwa zimeshachapwa. Tangu siku hiyo sipokei kazi ya kufasiri bila picha, hata kama ni michoro ya penseli isiyokamilika.

Kwa hiyo kwangu hizi si kazi mbili. Ninapochora najiuliza maneno yameacha nini, na ninapofasiri najiuliza picha imeshasema nini ili nisirudie.

Je, hatua za kuchora kitabu kimoja ni zipi, na huchukua muda gani?

Kitabu cha picha cha kurasa 24 hunichukua miezi mitatu hadi mitano, kufasiri kukiwa kando. Kwanza nasoma muswada mara nyingi bila kuchora. Halafu nachora kurasa zote zikiwa ndogo, kila moja kama stempu, kwenye karatasi moja, ili nione hadithi inavyokwenda kutoka mwanzo hadi mwisho: wapi pana kelele, wapi pametulia, wapi mtoto atataka kufunua haraka. Hapo ndipo kitabu kinapozaliwa hasa. Nikikosea kwenye vile vistempu, hakuna rangi itakayoniokoa baadaye.

Kisha natengeneza kitabu cha mfano kwa penseli, nakishona kwa uzi, nakifunua kwa mkono. Kufunua ukurasa ni sehemu ya hadithi. Simba asionekane kabla mtoto hajafunua. Baada ya mhariri kutoa maoni yake ndipo naingia kwenye michoro ya mwisho.

Kwa nini vitabu vingi vya picha vina kurasa 32?

Ni kwa sababu ya mtambo. Karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, ikakunjwa na kukatwa, na kurasa hutoka kwa mafungu ya 8 au 16. Mafungu mawili ya 16 ni 32. Hapa kwetu vitabu vingi vya kujisomea vina kurasa 16 au 24 na hubanwa kwa pini katikati. Hivyo lazima idadi igawanyike kwa 4. Mwandishi akikuletea hadithi ya kurasa 19, mwambie kwa upole arudi kuipima upya.

Unatumia vifaa gani?

Penseli ya 2B, wino mweusi, rangi za maji, na karatasi nzito ya gramu 300 isiyojikunja ikilowa. Huwa nachora kwa mkono, kisha naskani kwa nukta 300 kwa inchi na kusafisha kwenye kompyuta. Vijana wengi sasa huchora moja kwa moja kwenye tableti, na hilo si kosa lolote. Kwa asiye na pesa, programu ya Krita ni ya bure na inatosha kabisa kwa kitabu.

Jambo moja muhimu kuhusu rangi: skrini ina mwanga, karatasi haina. Mtambo hutumia wino wa rangi nne tu, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi, na zambarau kali unayoiona kwenye skrini huweza kutoka imechujuka. Nilichora mjakaranda wa Oktoba, ule unaotandaza maua barabarani mpaka lami haionekani, na ulipochapwa ukawa na rangi ya jivu. Siku hizi naomba karatasi ya majaribio kabla mtambo haujaanza kukimbia. Pia acha milimita 3 za ziada kila upande wa mchoro, maana kisu cha kukatia hakina macho.

Umesomea wapi, na mtoto wangu akasomee wapi?

Nilisomea sanaa chuoni, lakini nilichojifunza kuhusu vitabu nilikipata nikiwa msaidizi katika ofisi ya uchapishaji, nikipanga kurasa na kuwatazama wahariri wakifanya kazi. Kwa kijana wa Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya sanaa inayoheshimika, Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha usanifu, na taasisi ya sanaa ya Buruburu imetoa wachoraji wengi unaowaona kazini leo. Kwa kufasiri, soma fasihi na isimu ya Kiswahili, na usikae mbali na Kiswahili kinachosemwa. Nenda Mombasa na Lamu ukawasikilize bibi wakitoa hadithi. Ukirudi, kaa kwenye kituo cha matatu usikilize pia.

Asiye na karo asikate tamaa. Tembelea wauza vitabu vya mtumba wanaovitandaza chini mjini, nunua vitabu vitano vya picha vya nchi mbalimbali, na uvinakili kurasa zote kwa penseli. Mkono utakufundisha kile ambacho jicho peke yake halikukiona.

Unapochora Nairobi, unatoa wapi mambo yako?

Barabarani. Nina daftari dogo ninalotembea nalo kila siku, na mfukoni mwa koti langu hakukosi kipande cha penseli.

Watoto ni wakaguzi wakali kuliko mhariri yeyote. Niliwahi kuchora matatu mlango ukiwa upande wa kulia. Mimi, niliyepanda matatu maisha yangu yote! Mvulana mmoja wa Kariobangi akauliza abiria wangeshukia wapi, katikati ya barabara wagongwe? Ni kweli: sisi huendesha upande wa kushoto, dereva hukaa kulia, na mlango wa abiria hutazama kando ya barabara. Tena matatu ina mstari wa manjano tangu sheria za mwaka 2004, kwa hiyo ukichora hadithi ya miaka ya tisini, uufute mstari huo.

Napenda kuchora vitu ambavyo watoto wa mji huu huviona lakini havimo vitabuni: makorongo wakubwa wanaosimama juu ya miti karibu na uwanja wa Nyayo kama wazee wa baraza, mitungi ya maji ya rangi ya manjano ikipangwa foleni, mama mboga akikata sukuma wiki bila kukitazama kisu, nguo zilizoanikwa ghorofa ya nne Umoja. Nilipokuwa mdogo watoto wa vitabuni waliishi kwenye nyumba zenye dohani na bustani ya maua ya waridi. Sina chuki na dohani. Lakini mtoto wa Kayole anapoona ngazi ya ghorofa yao kitabuni, ukingo wake umechubuka rangi vile vile, utamwona akinyamaza, kisha akiweka kidole pale. Kwa ajili ya kidole hicho mimi hukesha.

Vitu visivyo na uhai vikizungumza kwenye hadithi, unatumia ngeli gani?

Walimu wa Kiswahili huniuliza hili kwa ukali, na wana haki. Mnyama hana shida: kifaru mkubwa alikuja, si kikubwa kilikuja, ingawa jina lake linaanza na ki-. Kazi iko kwa kijiko aliyepotelewa na mama yake. Je, "kijiko kililia" au "Kijiko alilia"?

Msimamo wangu ni huu. Kama kitu kina jina, hisia na safari yake kwenye hadithi, nakipa herufi kubwa na upatanisho wa mtu: Kijiko alilia, Kijiko mdogo akaondoka. Vijiko vingine vilivyolala kwenye kabati bila kusema neno vinabaki vijiko, vikubwa na vidogo. Mtoto anaelewa tofauti hiyo mara moja bila kufafanuliwa. Kisicho na msamaha ni kuchanganya: ukurasa wa 3 kililia, ukurasa wa 5 alilia. Na mchoro ukubaliane na sarufi. Ukimpa Kijiko macho, mpe na a-.

Na mashairi? Unafasirije vina vya Kiingereza?

Sivifasiri. Nachukua jambo linalosemwa, picha yake na mdundo wake wa furaha au wa huzuni, kisha naanza upya kwa mizani yetu. Mdundo wa shairi la Kiingereza hutegemea mkazo wa sauti. Sisi huhesabu silabi. Kwa watoto napenda umbo la utenzi, mizani nane kila mstari, kwa sababu linasomeka kwa kupiga makofi. Kwa mfano, shairi fupi la mvua na kuku niliwahi kuliandika hivi:

Manyunyu yaja, kimbia,
kaanue nguo pia,
kuku wanakulilia,
wafungulie mlango.

Kwenye shairi la awali hapakuwa na nguo za kuanuliwa. Lakini mchoro ulionyesha kamba ya nguo nyuma ya nyumba, na mvua ya Nairobi ikianza, sauti ya kwanza unayoisikia kwenye ploti ni mtu akipaza "anueni nguo!" Mwandishi aliposomewa maana yake alifurahi. Ningekuwa sijaiona ile kamba pichani, nisingethubutu kuziweka.

Tanakali za sauti nazo ni hazina ambayo wafasiri wengi huiacha mezani. Kiingereza mara nyingi kina "splash" na "bang". Sisi mtu huanguka majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi, sakafuni pu. Ukitazama picha kuona ameangukia wapi, neno linakuja lenyewe.

Rangi nyingi za Kiswahili hazina majina. Unafanyaje?

Samahani, zinayo, na ni majina mazuri kuliko yote niyajuayo. Ni kweli kwamba vivumishi halisi vya rangi ni vitatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu, vinavyopatana na nomino. Zilizobaki tulizichukua kutoka kwenye vitu vyenyewe. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa. Zambarau ni tunda, chungwa ni tunda, na manjano ni kile kiungo cha kutilia pilau na mchuzi. Mtoto anayejifunza rangi kwa Kiswahili anajifunza pia kutazama jikoni na shambani. Mimi humwambia mchoraji mwanafunzi: kabla hujachanganya rangi ya kahawia, kakaange buni uone inavyobadilika hatua kwa hatua.

Je, mfasiri anaruhusiwa kubadilisha picha?

Kuna mfano wa zamani unaofaa kuujua. Kitabu mashuhuri cha Lewis Carroll kuhusu msichana aliyeangukia nchi ya ajabu kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1940, na katika toleo hilo msichana aliitwa Elisi na akachorwa akiwa Mwafrika. Mwaka 2015 kikafasiriwa upya na Ida Hadjivayanis. Nikilifikiria toleo lile la kwanza naona kwamba hata wakati wa ukoloni kuna mtu aliyejiuliza msomaji wa Kiswahili atamwona nani pichani, na swali hilo lilikuwa la haki.

Leo huwezi kubadilisha picha bila ruhusa ya mwenye hakimiliki, na mchoraji ana haki ya kupinga kazi yake ikiharibiwa. Mimi nikiona picha haitaeleweka huku kwetu, namwandikia mchapishaji. Mara nyingi hakuna haja kabisa ya kubadilisha picha, neno linatosha. Oveni ni oveni. Usiiite jiko wakati jiko la makaa ndilo mtoto analolijua na pichani haliko.

Malipo yakoje? Mtu anaweza kuishi kwa kazi hii?

Nitajibu wazi kwa sababu mimi sikujibiwa wazi nilipoanza.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulipwa mara moja, kwa picha au kwa kitabu kizima, basi. Ya pili ni mrabaha, yaani sehemu ya mauzo, ambayo kwenye kitabu cha picha mwandishi na mchoraji hugawana. Vitabu vya shule karibu vyote ni vya njia ya kwanza, na ndivyo vinavyolipa kodi ya nyumba. Vitabu vya hadithi huja polepole. Niliishi miaka mingi kwa kuchanganya: vitabu vya shule, kufasiri, mabango ya afya, kufundisha Jumamosi. Ndiyo, naishi kwa kazi hii. Sikuanza kuishi kwayo hadi mwaka wa tisa.

Sasa sikiliza hili vizuri. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema kazi ikiagizwa na mtu mwingine, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila kama mmekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba ukichora bila mkataba, au kwa mkataba usiosema lolote kuhusu hakimiliki, umeshatoa vyote. Picha zako zinaweza kutumika kwenye kalenda, kwenye programu ya simu, kwenye toleo la nchi nyingine, bila wewe kupata shilingi. Lilinipata. Mchoro wangu wa sungura niliuona kwenye mfuko wa bidhaa dukani, na sikuwa na karatasi ya kunitetea. Kwa hiyo andika: nimeruhusu picha hizi zitumike kwa kitabu hiki, kwa lugha hizi, kwa muda huu. Mengine tutazungumza. Taja pia kwamba jina lako litakuwa kwenye jalada, si kwenye maandishi madogo ya ukurasa wa pili. Mfasiri naye vivyo hivyo.

Unaweza kusajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Hakimiliki ya maandishi na michoro hapa Kenya hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ni mali ya kuwarithisha watoto. Na ukilipwa mrabaha, mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5 kabla pesa hazijamfikia. Dai cheti cha makato hayo ukihifadhi.

Naweza kufasiri kitabu chochote nikipendacho?

Kwa kujifurahisha nyumbani, fasiri. Kwa kuchapisha, la. Haki ya kufasiri ni ya mwenye hakimiliki, hivyo utahitaji ruhusa ya maandishi. Kwa wanaoanza, mahali pazuri ni hadithi zenye leseni huria. African Storybook, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2014, na StoryWeaver ya India, iliyoanza mwaka 2015, zina maelfu ya hadithi za picha unazoweza kufasiri kwa Kiswahili, Kikamba, Kiluo au lugha yoyote ya nyumbani, na kuzichapisha bila kumlipa mtu, mradi umtaje mwandishi na mchoraji. Nimewafundisha vijana kadhaa kwa kuwapa hadithi moja ya huko kila wiki. Baada ya hadithi kumi, mtu anajua kama kazi hii ni yake.

Kwa nini picha za vitabu vya shule hufanana sana?

Kwa sababu ya muda. Vitabu vya kiada hukaguliwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala, na tangu mwaka 2018 serikali hununua vitabu vilivyoidhinishwa na kuvipeleka moja kwa moja kwenye shule za umma. Makataa yakitangazwa kila mchapishaji hukimbia. Niliwahi kupewa orodha ya picha 140 za wiki tano. Nilizimaliza, lakini nikizitazama leo namwona mtoto yule yule ameinua mkono ule ule mara arubaini. Ningependa wachapishaji wamwite mchoraji siku ile ile wanayomwita mwandishi.

Unaruhusu Sheng kwenye vitabu vya watoto?

Kwenye mdomo wa mhusika, ndiyo. Makanga wa Nairobi hawezi kusema "tafadhalini abiria, ingieni garini". Mtoto ataacha kukiamini kitabu chote. Lakini sauti ya msimulizi naiacha kwenye Kiswahili sanifu, si kwa kuidharau Sheng, bali kwa sababu Sheng ya Dandora si ya Kibera, na ya mwaka huu si ya mwaka ujao, ilhali kitabu kinapaswa kusomwa na mdogo wake na mdogo wa mdogo wake. Huwa naangalia pia nani atakisoma ng'ambo ya mpaka wa Namanga, kule Tanzania: stima au umeme, karo au ada. Mara nyingi picha hunisaidia kuliacha neno la hapa, kwa sababu msomaji wa Arusha akiiona taa imezimika atajua stima ni nini.

Mashine na akili unde hazitachukua kazi yako?

Zimeshachukua baadhi: mabango, vipeperushi, kazi za haraka. Inaniumiza kwa ajili ya vijana, maana kazi hizo ndogo ndizo zilizonilisha nilipokuwa najifunza. Kwenye kitabu bado naona zikikwama. Nilizipa ile sentensi ya ufunguo bila picha, zikajibu "aliificha". Na zinapochora mtoto wa Kiafrika mara nyingi humvika shanga shingoni na kumsimamisha kwenye nyasi kavu, wakati mtoto ninayemjua mimi ana sare ya shule iliyopauka na soksi moja imeteremka.

Mtoto wangu anachora ukutani. Nifanye nini?

Mpe karatasi kubwa ya kaki, ibandike ukutani pale pale anapopenda kuchora, na umwambie ukuta ule ni wake. Usimfundishe kuchora nyumba "vizuri". Muulize nani anaishi ndani.

Wapi Nairobi naweza kumpeleka mtoto asome bila kununua vitabu?

KNLS, shirika la maktaba za taifa, ina Maktaba Kuu pale Community na tawi la Buruburu. Mjini kuna McMillan kwenye Banda Street, jengo lenye simba wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931 ikiwa ya Wazungu peke yao, na kwa hiyo kila ninapomwona mtoto mweusi amejilaza pale na kitabu nasimama kidogo kumtazama. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa na shirika la Book Bunk na yana sehemu za watoto. Nendeni Jumamosi asubuhi na mapema.

Maswali ya watoto, kwa ufupi

*Unachora kila siku?* Ndiyo, hata nikiwa mgonjwa, ingawa siku hiyo huchora blanketi tu.

*Ni mnyama gani mgumu kumchora?* Ngamia. Magoti yake hayako pale unapodhani.

*Mbona kwenye kitabu chako paka haongei?* Kwa sababu anajua siri ya ukurasa wa mwisho. Mtazame mkia wake kwenye kila picha.

*Ukikosea unafanyaje?* Rangi ya maji haifutiki, kwa hiyo naanza tena. Ukurasa wa ule mto nimeuchora mara saba.

Je, unaweza kuja shuleni kwetu?

Naweza, siku za Ijumaa katika muhula. Shule ya umma hailipi chochote zaidi ya nauli. Sihitaji projekta wala kompyuta. Niandalieni ubao, chaki za rangi, na watoto wasiozidi hamsini wakae sakafuni karibu nami. Tutaanza kwa yai: nalichora ubaoni, napasua ufa mmoja, nao wananiambia kinachotoka, kwa lugha yoyote wanayoitaka, halafu tunatafuta pamoja namna ya kukisema kwa Kiswahili. Mara ya mwisho, Kayole, ilitoka matatu nzima, mlango ukiwa kushoto, na makanga wake alikuwa kifaranga.